Daftari la kliniki, dodoso au mazungumzo? Kuchagua mbinu ya kutafiti afya ya wanawake wakimbizi

Mwaka 2009 ilichapishwa tathmini iliyokusanya tafiti 181 za afya ya akili, zenye jumla ya watu 81,866, wakimbizi pamoja na watu wengine waliopitia vita. Katika tafiti hizo, kiwango cha ugonjwa wa kiwewe kilianzia asilimia 0 na kufika asilimia 99. Masaibu ya watu hayafanani, lakini sehemu ya tofauti hiyo ilitoka kwa watafiti wenyewe. Waliochukua sampuli ndogo ya watu waliopatikana kwa urahisi, wakawapa dodoso la kujieleza wenyewe, walipata viwango vya juu kuliko waliochagua watu kwa nasibu na kuwafanyia usaili wa kitabibu. Anayechagua mbinu, basi, huwa ameshachagua kwa kiasi fulani jibu atakalorudi nalo.

Kwa wanawake wakimbizi uzito wa uchaguzi huo huongezeka, kwa sababu kila mbinu ina gharama ambayo analipa mhojiwa wala si mtafiti: saa moja ambayo angekuwa kwenye foleni ya maji, hofu ya mume kusikia, jeraha kuguswa tena. Kwa hiyo nazilinganisha mbinu kwa maswali mawili. Jibu litabadilisha uamuzi wa nani? Na mwanamke anayelitoa atalipa nini?

Daftari la kliniki na dodoso la kaya

Hapa ndipo wengi wanapokosea hatua ya kwanza. Wanaandika dodoso la kurasa ishirini kabla ya kufungua madaftari yaliyokwisha kujazwa kliniki. Wanawake walikwisha kuulizwa umri, mimba ya ngapi, wingi wa damu, chanjo ya pepopunda, na njia ya uzazi wa mpango. Taarifa hizo zipo, hazimgharimu mwanamke chochote cha ziada, na zinaonyesha mwenendo wa mwezi hadi mwezi, jambo ambalo dodoso la mara moja haliwezi.

Udhaifu wa daftari ni kwamba linawajua waliofika tu. Aliyejifungulia nyumbani, aliyekatazwa na mkwe, aliyeishiwa nauli, wote hawamo. Udhaifu wa pili hausemwi sana nao ni mbaya zaidi: hujui ugawanye kwa ngapi, yaani wanawake wote waliostahili kufika ni wangapi. Kliniki nyingi za wakimbizi huhudumia pia wenyeji wa jirani, na orodha ya wakimbizi waliosajiliwa ina watu waliokwisha kuondoka huku ikiwakosa waliofika juzi. Nimeona ripoti zinazodai kuwa zaidi ya asilimia 100 ya wajawazito walihudhuria kliniki. Si muujiza huo, ni kigawanyo kibovu.

Dodoso la kaya hutibu hilo kwa kumfuata mwanamke nyumbani. Mfano mzuri ni tafiti za lishe zinazofanywa kwa mwongozo wa Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi (UNHCR). Kaya huchaguliwa kwa nasibu, na wanawake wa miaka 15 hadi 49 wasio wajawazito hupimwa himoglobini kwa tone la damu ya kidole. Aliye chini ya gramu 12 kwa desilita huhesabiwa kuwa na upungufu wa damu, na ikiwa waliopungukiwa ni asilimia 40 au zaidi, Shirika la Afya Duniani (WHO) hulihesabu kuwa tatizo kubwa la afya ya jamii. Hesabu ya namna hiyo ina mtu wa kuitumia kesho yake: anayepanga mgao wa chakula na vidonge vya madini ya chuma.

Ila bei yake si ndogo. Ukitaka kukadiria jambo linalowagusa nusu ya wanawake, kosa lisizidi asilimia 5 juu au chini, kwa uhakika wa asilimia 95, unahitaji wanawake wapatao 384 ikiwa unaweza kumchagua kila mmoja kwa nasibu. Mara nyingi huwezi, kwa hiyo unachagua makundi ya makazi kwanza, kisha kaya ndani ya kila kundi. Majirani hufanana, wanakunywa maji ya bomba moja na kwenda kliniki moja, hivyo kila mwanamke wa ziada katika kundi anakuongezea habari pungufu. Watafiti huzidisha sampuli mara mbili kufidia hilo, na 384 inakuwa 768.

Jambo likiwa adimu, hata 768 hazisaidii. Utafiti wa vifo vya uzazi miongoni mwa wakimbizi wa Afghanistan nchini Pakistan, wa mwaka 1999 na 2000, ulilazimika kuhesabu watu zaidi ya 134,000 katika makazi 12. Vilipatikana vifo 66 vya wanawake wa umri wa kuzaa, na ndugu wa marehemu wakahojiwa kuhusu dalili na matukio ya mwisho. Vifo 27 vilitokana na uzazi, kuliko sababu nyingine yoyote. Ipo njia nyepesi, ya kuwauliza watu wazima kuhusu dada zao waliofariki, iliyobuniwa mwaka 1989. Sampuli yake ni ndogo, lakini makadirio yake, kwa namna ilivyobuniwa awali, huangukia takriban miaka 12 kabla ya utafiti. Kwa watu waliokimbia miaka miwili iliyopita, unakuwa umepima hospitali za kwao, si za walikokimbilia. Anayetaka kupunguza vifo hivyo sasa hivi afadhali achunguze kila kifo kimoja kimoja, wapi mama alichelewa na kwa nini, kuliko kusaka kiwango chenye nukta ya desimali.

Ngapi, na kwa nini

Ubishi wa takwimu dhidi ya maelezo unachosha, hasa pale unapogeuzwa kuwa ubishi wa itikadi. Dodoso litakwambia kwamba theluthi ya wanawake hawarudi kliniki baada ya hudhurio la kwanza. Halitakwambia kwamba mkalimani wa zamu ni shemeji wa nusu yao. Hilo hulipati kwenye kisanduku cha alama ya vema, kwa sababu aliyetunga dodoso hakujua kwamba kuna la kuuliza.

Mahojiano ya kina ni kwa ajili ya mambo ambayo hujui kuwa huyajui. Idadi yake inawasumbua wanafunzi kupita kiasi. Uchambuzi mmoja wa mwaka 2006, uliotumia mahojiano ya wanawake wa Ghana na Nigeria, ulionyesha kwamba mada karibu zote zilikwisha kujitokeza kufikia mahojiano ya 12. Tangu hapo 12 imekuwa kama amri, ilhali waandishi wenyewe walisema inafaa pale wahojiwa wanapofanana na swali ni finyu. Wanawake wakimbizi hawafanani. Mjane wa miaka 60, msichana aliyefika peke yake, na mama aliyezaliwa ukimbizini hawana historia moja ya afya. Ukiwachanganya ndani ya mahojiano 12 utatoka na hadithi 12.

Wala usidhani mahojiano ni ya upole kwa sababu tu hayana fomu. Mazungumzo ya saa moja na nusu huchimba ambako dodoso la dakika ishirini halifiki, na mwanamke anaweza kusema zaidi ya alivyokusudia kwa kuwa leo kapata mtu wa kumsikiliza. Kuna na tatizo la mkalimani. Wa jamii yake anaijua lugha na mafumbo yake, lakini anawajua na ndugu zake. Wa nje hana undugu naye, ila mengi yatampita. Kwa mada za uzazi na ndoa ningechagua mwanamke wa nje, hata kwa simu, na kumlipa muda wa kunieleza baadaye alichosikia. Kwa mada za chakula, maji au malaria, wa ndani anatosha kabisa.

Majadiliano ya kikundi nayapa nafasi ndogo kuliko yanavyopewa kwa kawaida. Wanawake sita hadi wanane wakikaa pamoja watakwambia kanuni za jamii: nani huamua mke aende hospitali, nini husemwa juu ya sindano za uzazi wa mpango, kliniki ipi inasifiwa. Hawatakwambia ya kwao, na hupaswi kuyauliza mbele ya jirani. Kikundi hakina siri. Unaweza kuwaomba wasiyatoe nje, lakini hauwezi kuwaahidi kwamba hawatayatoa.

Ukatili: panapohitaji kuchagua kutouliza

Katika mada hii swali la mbinu ipi hutanguliwa na swali la kama utafiti ufanyike. Mwaka 2007 WHO ilitoa mapendekezo manane ya maadili na usalama kuhusu kutafiti ukatili wa kingono katika dharura. Mojawapo lasema huduma za msingi kwa manusura ziwepo mahali hapo kabla ya kuanza shughuli inayoweza kuwafanya wafichue yaliyowapata. Maana yake kwa vitendo: dawa za kuzuia maambukizi ya VVU zinapaswa kuanza ndani ya saa 72, na kinga ya dharura ya mimba ndani ya saa 120. Ukimkuta mwanamke aliyebakwa juzi na hakuna pa kumpeleka, dodoso lako limeongeza dhara juu ya dhara.

Na mara nyingi hitaji la namba lenyewe ni dogo kuliko linavyodaiwa. Mapitio ya mwaka 2014 ya tafiti 19 za wanawake wakimbizi na waliohamishwa ndani ya nchi zao yalikadiria kwamba takriban mmoja kati ya watano amepitia ukatili wa kingono, na waandishi wakaonya kwamba huenda ni zaidi, kwa kuwa wengi hawasemi. Anayepanga huduma hahitaji kusubiri asilimia ya kambi yake ndipo aagize dawa. Anatakiwa kuanza kwa kuamini kwamba ukatili upo.

Wanaoona bado kuna haja ya kupima wana njia nne za kulinganisha. Ya kwanza ni kumbukumbu za huduma, na hizi hazitoi kamwe ukubwa wa tatizo. Kesi zikipanda kutoka 5 hadi 30 kwa mwezi, huenda ukatili umeongezeka, au mshauri mpya ameaminika. Ya pili ni dodoso la ana kwa ana, ambalo lina masharti yake: mwanamke mmoja tu kwa kaya, faragha kamili, na utafiti utambulishwe kijijini kama wa afya ya wanawake ili mume asijue kilichoulizwa. Mhojaji awe na maswali ya akiba ya mlo au malaria, ayahamie mara mtu anapoingia. Ya tatu ni kumpa mwanamke vipokea sauti na kishikwambi, asikilize maswali na ajibu mwenyewe kwa kugusa rangi au picha, bila kumtamkia mtu. Hii huleta ufichuzi wa mambo mazito, lakini humwacha peke yake na kumbukumbu iliyoamshwa, kwa hiyo lazima mshauri awe karibu. Ya nne, iliyojaribiwa katika kambi za waliohamishwa kaskazini mwa Uganda, humuuliza mwanamke juu yake mwenyewe, dada zake na majirani zake. Idadi ya wanaozungumziwa huongezeka haraka na anaweza kueleza jambo bila kusema ni lake. Binafsi naiogopa pale jamii inapokuwa ndogo, kwa kuwa inahalalisha kuwasemea watu ambao hawakuridhia kusemewa.

Vipimo vya kuazima na vilivyojengwa hapo

Kwa afya ya akili, kuna vipimo vilivyozoeleka. Orodha ya Hopkins ya dalili za wasiwasi na sonona yenye vipengele 25, ambayo wengi huikata kwenye wastani wa 1.75, yaani anayezidi hapo huhesabiwa kuwa na tatizo. Dodoso la kiwewe la Harvard, lililochapishwa mwaka 1992 kutokana na kazi na wakimbizi wa Indochina (Vietnam, Kambodia na Laos). Kipimo cha Edinburgh cha sonona baada ya kujifungua, chenye maswali 10, cha mwaka 1987. Faida yake ni kwamba unaweza kulinganisha matokeo yako na ya wengine, na wahariri wa majarida hawatakuuliza maswali mengi.

Lakini pointi ya kukata iliyopatikana kwa watu fulani si amri kwa wengine wote. Mwanamke anayekosa usingizi kwa sababu hema linavuja, asiyekula vizuri kwa sababu mgao umepunguzwa, na anayekosa matumaini kwa sababu kesi yake ya hifadhi ina miaka mitano haijasikilizwa, atafikisha alama za sonona bila tabu. Huenda ni mgonjwa, huenda anaisoma hali yake sawasawa. Njia mbadala ni kuanza kwa kuwauliza wanawake wenyewe wataje matatizo yanayofuata masaibu, waeleze anayeyapata anakuwaje na anashindwa kazi zipi, kisha kipimo kijengwe au kirekebishwe kutokana na majibu hayo na kujaribiwa kwa wachache kabla ya kutumika. Hatua hiyo inaongeza wiki kadhaa. Kama kazi yako ni kutoa tiba, zitumie wiki hizo. Kama ni kuonyesha tu kwamba hali imebadilika kati ya mwanzo na mwisho wa mradi, kipimo cha kuazima kilichotafsiriwa kwa makini, kikarudishwa kwenye lugha ya asili na mtu mwingine ili makosa yaonekane, kinatosha.

Kambini na mjini

Kambini kuna ramani, vitalu na namba za mahema. Mjini hakuna, na wakimbizi wengi wanaishi nje ya kambi. Huko watafiti hupenda mbinu ya kuwatumia wahojiwa wenyewe kuwaleta wengine. Anza na wanawake wachache, wape kuponi, kila mmoja alete wawili au watatu, kisha uzito wa kila jibu urekebishwe kulingana na ukubwa wa mtandao wa mhojiwa. Iliasisiwa mwaka 1997, na ni bora zaidi ya kuomba majina kwa mashirika ya misaada, ambayo yatakupa walewale wanaokuja ofisini.

Tatizo ni kwamba inawategemea watu wanaojuana. Msichana wa kazi za ndani asiyeruhusiwa kutoka, au mke aliyenyang'anywa simu, hapokei kuponi ya mtu, na huyo ndiye ambaye afya yake ingepaswa kututia wasiwasi kuliko ya yeyote. Hakuna hesabu ya uzito inayomrudisha mtu ambaye hakuwa na nafasi yoyote ya kuingia. Penye utafiti wa kitaifa wa kaya, kuwaongeza wakimbizi humo ni njia safi zaidi. Utafiti wa idadi ya watu na afya ya familia wa Jordan wa mwaka 2017 na 2018, kwa mfano, uliwapanga Wasyria peke yao katika matokeo. Nchi zenye rejista za watu wote zinaweza kwenda mbali zaidi. Denmark ilianza yake mwaka 1968, na hapo mtafiti hufuata uzazi na magonjwa ya miaka mingi bila kumgongea mtu mlango. Rejista nazo hazimjui aliyenyimwa hati.

Usisahau pia kuamua unamlinganisha mwanamke mkimbizi na nani. Ukimweka kando ya mwenyeji wa jirani unapima pengo la huduma, na uamuzi ni wa wizara. Ukimweka kando ya mwanamke aliyebaki kwao unapima athari ya safari na ukimbizi, ingawa walioweza kukimbia huenda walikuwa wazima zaidi tangu mwanzo.

Kufuatilia kwa muda

Kwa swali la kipi kilitangulia, ugonjwa au ukimbizi, hakuna mbadala wa kuwafuata wanawake walewale. Ni ghali, na wahojiwa huhama: wengine hupelekwa nchi ya tatu, wengine hurudi kwao, wengine hubadilisha namba ya simu. Wanaobaki hadi mwisho ni wale waliokwama, na hao si mfano wa wote. Fanya hivyo ikiwa una miaka na fedha.

Utafiti shirikishi, wa kweli na wa jina

Mbinu ya kuwapa wanawake kamera wapige picha za maisha yao, kisha wazijadili na kuzipeleka kwa viongozi, ilianzishwa na Caroline Wang na Mary Ann Burris wakifanya kazi na wanawake wa vijijini Yunnan, China, katika miaka ya 1990. Kwa wakimbizi ina nguvu yake: picha ya choo kisicho na taa au kufuli humsukuma meneja wa kambi kuliko jedwali. Pia ina hatari ambayo fomu haina, maana sura na mahali vinatambulika, na aliyemkimbia mtu hataki kutambulika.

Swali langu kwa kila mradi unaojiita shirikishi ni moja: wanawake hao walishiriki kuchagua swali, au waliitwa swali likiwa limeshapigwa muhuri kwa mfadhili? Kama ni la pili, huo ni ukusanyaji wa data wenye vitafunwa. Hakuna ubaya, ila usiuite shirikishi, na uwalipe wasaidizi wa utafiti kama wasaidizi.

Ukichanganya, angalia mpangilio

Kuchanganya mbinu kunasifiwa kana kwamba ni dawa yenyewe, ilhali kinachoamua ni kipi kitangulie. Mahojiano yakitangulia dodoso, dodoso litauliza mambo yanayojulikana kuwapo, kwa maneno ya wanawake wenyewe. Yakifuata, yataeleza matokeo yaliyokushangaza. Yakifanyika sambamba bila kukutana, unapata ripoti mbili zilizobanwa kwa pini moja.

Mratibu wa afya mwenye miezi mitatu ningemshauri asafishe madaftari ya kliniki ya miezi kumi na miwili, arekebishe kigawanyo, kisha awahoji wanawake 15 hadi 20 waliofika mara moja na wasirudi. Wizara inayogawa bajeti inahitaji dodoso la kaya lenye wenyeji na wakimbizi pamoja. Mwanafunzi wa uzamili mwenye wiki sita na fedha zake za mfukoni aachane na dodoso la kaya. Achukue swali moja finyu na kundi moja linalofanana, kwa mfano wajawazito wa mara ya kwanza katika kliniki moja, na aombe kibali cha kamati ya maadili ya nchi wenyeji mapema, kwa kuwa chaweza kuchukua muda kuliko kazi yenyewe. Asifanye mahojiano siku ya mgao wala karibu na wanaogawa, la sivyo mwanamke atakubali akidhani kadi yake ya chakula inategemea hilo. Suala la ukatili asilianzishe. Likijitokeza lenyewe, awe na namba ya simu iliyojaribiwa wiki hiyo, na jina la mtu atakayeipokea.